Mkebe wa Visheti vya Maskati

Kila asubuhi Jalila hufagia ukumbi, kisha humchotea maji jirani yao, Bi Mwanatatu. Wanaishi Port Reitz, karibu kabisa na uwanja wa ndege, na ndege zikipita juu mabati hutikisika. Asubuhi hiyo maji aliyachota mbio mbio, nusu yake akayamwaga mlangoni. Angetulia vipi? Yeye na mama yake walikuwa wakisafiri kwenda Maskati kwa baba, ambaye hawakuwa wamemwona tangu Jalila akiwa darasa la tatu.

"Shikamoo, nyanya. Ndiyo twaenda."

"Marahaba, mwanangu." Bi Mwanatatu alimkabidhi mkebe wa bati uliofungwa kwa kipande cha leso. "Hivi ni visheti vya Jafar wangu, anayefanya kazi na babako. Nimekanda kwa tabu, mkono huu wa kulia hauna nguvu tena. Ni amana, Jalila."

"Wallahi vitafika, nyanya!" Jalila akaapa. Kuapa ni rahisi mtu akiwa ameshiba.

Uwanjani, walipokuwa wameketi kusubiri kupanda, sauti ikatangaza kuwa ndege itachelewa kidogo. Jalila akatembea mpaka dirishani, akarudi. Akaenda msalani bila haja, akarudi. "Mama, bado?"

"Bado. Keti, unanitia kizunguzungu," akasema mama yake, Bi Nadira.

Likaja tangazo la pili, kisha la tatu. Chapati walizobeba zilikuwa zimekwisha zamani, na mama alikuwa amesinzia kwenye kiti. Jalila akaupakata mkebe. Harufu ya hiliki ikampanda puani. Kimoja tu, akajiambia, nani atajua? Kikawa kitamu. Kila lilipokuja tangazo jipya, hasira zilimshika, na mkono ukarudi mkebeni wenyewe. Njaa haikuwa kubwa hivyo. Alikuwa amechoshwa na kukaa tu.

Ghafla akaona sehemu ya chini ya mkebe. Vilibaki vipande na sukari! Akaifunga leso haraka, akaanza kutunga uongo. Atasema wakaguzi wa mizigo wamevichukua. Nani atakwenda kuwauliza?

Ndipo likaja tangazo la mwisho: ndege imeharibika, safari ni kesho. Abiria wakapiga kelele. Jalila akaukaza mkebe kifuani. Kurudi nyumbani ni kupita mlangoni kwa Bi Mwanatatu.

"Yarabi, mumerudi!" bibi akashangaa. "Poleni. Lete huo mkebe niuweke pazuri, sisimizi wasiuingie."

Akaupokea, na papo hapo akajua. Mkebe ulikuwa mwepesi.

"Wale wakaguzi, nyanya..." Jalila akaanza. Macho yake yakaangukia ule mkono wa kulia, ulivyokuwa ukitetemeka juu ya leso. "Hapana. Si wao. Ni mimi, nyanya. Nimevila mimi." Akaangua kilio.

"Jalila!" mama akamaka. "Amana ya watu? Nitaweka wapi uso wangu?"

Bi Mwanatatu aliketi kizingitini. "Nilitaka mwanangu aonje mkono wangu," akasema. "Sijui kama nitaweza kukanda tena."

"Nifunze, nyanya. Mikono yangu ni mizima."

Wakaingia jikoni. Bibi akaelekeza, Jalila akakanda unga na samli mpaka mabega yakamuuma. Vya kwanza viliungua, vya pili vikatoka vimepinda huku na huku. Adhana ya Magharibi iliwakuta wakivichovya kwenye shira.

Bi Mwanatatu akaufunga mkebe. Mama akanyoosha mkono aupokee.

"La," bibi akasema. "Atabeba mwenyewe." Akamgeukia Jalila. "Ndege kuchelewa si kosa lako, na kuchoka kungoja si kosa, hata mimi ningechoka. Lakini amana ni amana ukiwa umeshiba na ukiwa na njaa. Na lau ungenidanganya, ningewalaani watu wasio na hatia. Umesema kweli, kwa hiyo nakuamini tena."

"Haya, nyanya," Jalila akajibu, na safari hii hakuapa.

Kesho yake ndege ilichelewa tena. Jalila alihangaika kama jana, akaenda dirishani mara chungu nzima, lakini ile leso hakuifungua.

Huko Maskati, baba alimkumbatia mpaka akakosa pumzi. Jafar, aliyekuja naye kuwapokea, alifungua mkebe hapo hapo, akatafuna taratibu, akakunja uso.

"Mbona huu si mkono wa mama?"

"Ni mkono wangu, ami," Jalila akasema. "Vya mama yako nilivila mimi, tulipokuwa tukingoja ndege. Hivi alinifunza yeye."

Jafar akamsogezea mkebe.

"Basi keti tule sote," akasema. "Maadamu umeniambia kweli, hivi vimefika."