Printa ya Marehemu Bashiri

Mara ya kwanza printa ilitoa mstari mmoja tu, saa sita mchana, na waya wake ulikuwa bado uko mkononi mwa fundi.

Fundi aliitwa Ezron. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza, ndani ya steshenari ya mama Stumai, pale Tunduma kwenye barabara ya mpakani, anatafuta tundu la kuchomeka. Kichwa cha printa kikaenda kulia, krrrr, kikarudi kushoto, kikanyamaza. Karatasi ikapanda kidogo. Ezron akachungulia, akacheka.

"Mama, printa yako ina adabu. Imekupa shikamoo."

Stumai alikuja kusoma mwenyewe, kidole kikifuata herufi moja moja. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, na kusoma alikujua juzi tu, baada ya miaka miwili ya darasa la jioni la watu wazima. Hakuna kitu alichokipenda kama kusoma jambo kabla hajasomewa. SHIKAMOO MAMA. Ndivyo ilivyoandikwa. Naye akacheka. Lakini pua yake ilinusa kitu ambacho si wino. Ilikuwa spiriti, ile ya hospitali, na nyuma ya spiriti kulikuwa na harufu ya koti lililolowa mvua likakaukia mwilini.

Ezron alisema ni kumbukumbu imebaki ndani ya mashine, hizi za zamani zina tabia hiyo. Akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Kompyuta ya zamani ilikuwa imekufa wakati wa masika, na Stumai akanunua mpya, Windows ya kisasa kabisa. Printa akaibakiza. Ilikuwa printa ya sindano, ile inayogonga karatasi kupitia utepe, aliyoiacha marehemu mume wake Bashiri. Mawakala wa forodha wanataka fomu za karatasi tatu, nyeupe, njano na pinki, zinazoandikwa kwa pigo moja, na printa za kisasa haziwezi kugonga mpaka chini. Bila printa ile, duka halina kazi pale mpakani. Ila plagi yake ni pana, ina pini nyingi kama kitana, na kompyuta mpya ina vitundu vidogo tu. Ezron alivuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, akapata waya wa kuunganisha. Alipochomeka, kompyuta ikalia mara moja, ikaandika kwamba kifaa hakitambuliki.

Stumai alimuuliza shida ni nini hasa.

"Hazijuani," Ezron akasema. "Kompyuta inaongea lugha yake, printa ina lugha ya zamani. Lazima nimpate mtu wa kati, programu ndogo tu, anayechukua maneno ya huyu na kumsomea yule. Na asome kama yalivyo. Mtu wa kati akibuni ya kwake, hapo ndipo mambo yanaharibika."

Alisema akiangalia kioo cha kompyuta. Hakuona jinsi mama Stumai alivyogeuka kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Siku ya pili Ezron alijaribu kuidanganya kompyuta, akaiambia printa ni ya aina nyingine inayofanana nayo. Ikakataa. Akatoka kwenda kunywa chai. Hakufika hata nje ya mlango, na kichwa cha printa kikaanza kutembea. NI MIMI JONASI. NIMELAZWA KAPIRI, MIGUU IMEKUFA GANZI.

Stumai alisoma mpaka neno Kapiri, akaichana karatasi, akaiweka ndani ya kitenge, kifuani.

Ezron alirudi akauliza imetoa nini tena. Akajibiwa imetoa alama alama tu. Akatikisa kichwa, akasema ajabu, maana aliona kama jina. "Jonasi. Huko kwetu Ihanda alikuwepo Jonasi mmoja, utingo wa malori, akafia Zambia. Mama yake yupo bado, bibi Ketrina. Nilikuwa nasoma na mdogo wake."

Stumai alijifuta uso kwa kitenge. Jasho lilikuwa linamtoka, na ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya Tunduma ile inayowafanya madereva wavae makoti mawili.

Stumai alimjua Jonasi. Barua ile pia aliijua, ingawa siku ilipotoka mara ya kwanza hakuweza kusoma hata herufi moja.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na tisa, na printa ilikuwa mezani palepale. Barua ilikuja kwenye kompyuta ya duka, imetumwa na kijana wa intaneti huko Kapiri, kwa sababu Jonasi simu yake ilikuwa imeibiwa na mama yake hakuwa nayo kabisa. Bashiri aliitoa kwenye printa, akaikunja bila kusoma ya watu, akamwambia mke wake mama wa Ihanda akija gulioni ampe. Kisha akaenda mpakani.

Ketrina alikuja na kapu la mahindi mabichi. Akaishika barua kwa mikono miwili, akairudisha mezani, akamwomba Stumai amsomee, kwa sababu yeye hajui.

Hapo Stumai angeweza kusema, hata mimi sijui. Maneno matatu tu. Lakini alikuwa amemwambia Bashiri tangu siku ya posa kwamba amemaliza la saba. Fomu za duka alizijua kwa rangi. Gazeti alilishika kila asubuhi, akigeuza kurasa kila mume wake anapogeuza kichwa. Na dukani siku ile walikuwepo madereva wawili wanaangalia. Akaifungua barua, akapitisha macho juu yake kama anavyofanya Bashiri, akasema kwa sauti nzuri kwamba Jonasi anasalimia sana, yuko salama, kazi ni nzuri, atarudi baada ya mavuno.

Ketrina alicheka mpaka akafuta machozi. Akaichukua barua yake. Kesho yake alimtumia Stumai kopo la maharage, asante ya kusomewa.

Wiki tatu baadaye dereva mmoja akaleta habari kwamba Jonasi amezikwa na watu baki. Bashiri alimuuliza mke wake kama barua ilifika. Ilifika. Alisomewa? Alisomewa. Basi Bashiri akasema mama gani yule, anaandikiwa na mtoto anayekufa halafu anakaa nyumbani, na mpaka anaingia kaburini hakumsalimia tena Ketrina. Stumai alikaa kimya. Wakati huo hakujua barua ilisema nini, ila alijua kwamba alichokisoma hakikuwemo.

Siku ya tatu umeme ulikatika Tunduma nzima. Wakala mmoja alikuwa ameacha fomu zake kwenye printa, na Ezron alikuwa amelala chali chini ya meza na tochi ya simu mdomoni. Stumai alikuwa anakunja risiti aliposikia ule mlio, na safari hii alitazama taa ya printa ambayo ilikuwa imezimika, akatazama plagi ya ukutani ambayo Ezron alikuwa ameichomoa na kuilaza sakafuni, na kichwa kilikuwa kinakwenda taratibu kama mtu anayeandika huku anahema, kinagonga herufi, kinapumzika, kinagonga tena, na harufu ya spiriti ikapanda kutoka kwenye utepe ikajaa duka mpaka macho yakamuuma, na juu ya fomu ya wakala, juu ya uzito wa mzigo na namba ya gari, yakatokea maneno meusi aliyoyasoma moja moja huku moyo wake ukimwomba kidole kisimame na kidole kikikataa kusimama: GARI LIMENIACHA. MWAMBIE MJOMBA ANIFUATE KABLA YA JUMAPILI. NISIPOONA MTU NITAJUA MMENICHOKA.

Ezron alitoka chini ya meza polepole. Tochi ilikuwa imemdondoka.

"Mama," akanong'ona, "mimi nimeokoka, lakini hii siigusi tena. Tafuta mtu."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo zaidi kama ni Jonasi yule wa kwao. Stumai akasema hajui. Akauona uongo wake jinsi ulivyo mwepesi kutoka mdomoni, hata sasa.

Aliyeitwa ni ustadhi Yassir, mzee mpole aliyewahi kuwatoa majini watu wengi pale mtaani. Alikuja Ijumaa baada ya swala. Akafukiza ubani, akanyunyiza maji ya kombe kwenye kona nne, akakaa mbele ya printa na kuanza kusoma. Aliposoma taratibu, kichwa cha printa kilitulia. Alipopandisha sauti, kichwa kikaanza kutembea, kikifuata pumzi zake, akivuta pumzi kinakwenda kulia, akiishusha kinarudi kushoto, mpaka ikawa huwezi kujua nani anamfuata nani. Ustadhi akanyamaza. Printa ikamalizia mstari wake peke yake.

Aliuchana, akausoma kimya, akaukunja.

"Huu si wangu," akasema. "Umeandikiwa wewe, kwa jina."

Stumai aliufungua. Aliusoma mara moja, akaukunja haraka kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Ustadhi alimuuliza kama anaijua asili ya barua hii. Stumai akaanza kueleza kwamba barua ilipotea njiani, zamani. Ustadhi alimtazama tu, hakumkatiza, na Stumai akaishiwa maneno katikati. Halafu akaeleza yote, akiangalia sakafu. Hata maharage hakuyaacha.

"Jini huyu hataki ubani," ustadhi akasema alipomaliza. "Hii mashine ndiyo iliyoiandika barua, na ilikuwa hapa mezani inakusikia. Nenda ukasome."

Jumamosi asubuhi Stumai alishuka Ihanda na karatasi zake nne kifuani. Bibi Ketrina alikuwa uani anaanika kahawa, mwili wake mdogo kuliko Stumai alivyomkumbuka. Hakushtuka kumwona. Alimwekea kigoda, akamwambia ahame upande wa pili, huku kushoto sikio lake halisikii.

Stumai alimpa shikamoo, akasema amekuja kusoma barua ya Jonasi, maana siku ile hakuisoma, alidanganya, alikuwa hajui kusoma. Alitegemea kilio, au mwiko wa kichwani. Ketrina aliendelea kutandaza kahawa kwa kiganja.

"Soma," akasema.

Akasoma. Shikamoo mama. Ni mimi Jonasi. Kwenye neno ganzi akakwama, akaanza herufi upya, na kabla hajafika mwisho wa neno Ketrina akalitaja yeye, bila kuinua macho. Stumai akaendelea. Akaja kwenye Jumapili akaiita Jumatano kwa hofu, na Ketrina akamsahihisha. Hapo ndipo alipoelewa kwamba bibi anaijua barua yote.

"Enesi alinisomea," Ketrina akasema. "Mjukuu wangu. Alikuwa la tatu, akaikuta ndani ya Biblia, akasoma kwa kujionyesha kwamba anajua. Siku ile hatukula. Tangu hapo nilimwambia anisomee kila Jumapili, mpaka ikakaa kichwani."

Stumai alimuuliza kwa nini hakuja kumdai jibu, miaka yote hiyo.

"Ningekuja ungenidanganya tena. Nikasema atakuja mwenyewe. Malizia."

Stumai akasoma lile la kuchokwa. Akakunja karatasi akasema imekwisha.

Kuku walikuwa wanaparua chini ya mibuni. Ketrina aliacha kutandaza.

"Umeruka mstari."

Karatasi ya nne ilikuwa bado kifuani, ndani ya kitenge, imelowa jasho. Aliitoa. Haikuwa ndefu, na kila herufi yake alikuwa anaijua sasa, na bado ilimchukua muda kama kurasa kumi.

"Mama Stumai," akasoma, "nakuomba msomee mama polepole. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Wewe ndiye ninayekuamini."

Alilia hapo, mtu mzima, mbele ya kahawa ya watu. Ketrina hakumgusa na hakumfukuza. Alipotulia, bibi aliingia ndani akatoka na kopo la maharage, akaliweka kwenye mapaja yake. Alisema lile la kwanza alimpa kwa kusomewa, na leo ndiyo amesomewa kweli, hili ni la leo, basi Stumai hadaiwi na yeye hadaiwi. Stumai alilibeba kopo lile mpaka barabarani, na hakuna mzigo aliowahi kuubeba ukamwinamisha shingo namna ile.

Jumatatu Ezron alikubali kurudi, kwa shingo upande. Alichagua njia ya mwisho aliyokuwa ameibakiza, kuiambia kompyuta kwamba hii ni printa ya maandishi matupu tu, haina mbwembwe. Kompyuta ikalia mara moja. Printa ikaamka. Fomu zikatoka safi, tatu kwa pigo moja, na harufu ilikuwa ya wino peke yake. Ezron alimshukuru Mungu kwa sauti, akakusanya bisibisi zake.

Mchana akaja dereva mmoja mzee, mtu wa Msangano, kuchukua nakala yake. Ya dereva ni ya pinki, ya chini kabisa. Stumai alikagua nyeupe, iko sawa. Njano, iko sawa. Mzee akageuza ile ya pinki huku na huku, akaisogeza mbali na uso.

"Mama, hapa chini pameandikwa nini? Macho yangu siku hizi."

Stumai aliyajua macho hayo. Alikuwa ameyatumia miaka thelathini. Akainama kutazama. Chini ya sahihi, mahali ambapo kichwa cha printa huwa hakifiki, kulikuwa na maneno mawili hafifu, yamegongwa kwenye pinki tu: MSOMEE POLEPOLE.

Alizunguka meza na kiti chake, akakaa karibu na yule mzee, akamuuliza kwa sauti ndogo anasikia vizuri kwa sikio gani. Kisha akaanza kumsomea fomu yote kutoka juu.

Nyuma yake, printa ambayo haikuwa na karatasi ilisogeza kichwa chake kulia, taratibu, kikasimama hapo kusikiliza.