Mshahara wa Fermín

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumatatu, Hortensia Huaracha alipiga ukelele uliowatoa majirani nje na vikombe vyao mkononi. Saa mbili Sajini Nélida Chambi wa polisi ya Arequipa, Peru, alikuwa amepiga magoti mbele ya meza kuukuu ya cherehani. Ilikuwa kesi yake ya nne tangu jana, na kiuno kilimuuma.

Nyuma ya kibao chake kilichofungwa kwa skrubu palitakiwa kuwa na pesa, soli elfu kumi na mbili, akiba ya miaka kumi na moja ya kumsomesha binti yao Yadira uhandisi. Chuo kilikuwa kinafunga usajili Ijumaa. Mle ndani mlikuwa na utando mzito wa buibui, basi.

"Nani alijua?"

"Mimi, mume wangu Fermín na kaka yangu Wilber. Hela nampa Fermín, yeye ndiye anayeweka. Zikikaa kwangu zinaishia sokoni."

"Jumamosi niliweka mia mbili, zote zilikuwepo," Fermín alisema, akichukua kofia yake. "Jana tulimwacha Wilber peke yake hapa. Samahani afande, nachelewa kiwandani."

Wilber alikamatwa kwenye duka la kamari.

"Kamari nacheza, sikatai," alisema. "Lakini nile masomo ya mpwa wangu? Nipekueni hadi soksi!"

Wakampekua. Alikuwa na soli nne. Wakamweka ndani hata hivyo.

Saa tisa alasiri Nélida alirudi. Fermín alikuwa amekaa na mkewe na Yadira, bado amevaa ovaroli.

"Mzee Fermín, umeshinda kwenye mashine za sufu?"

"Kama kila siku."

"Mbona ovaroli yako haina hata uzi wa sufu? Na ni buibui gani huyo afume vile tangu Jumamosi?" Nélida akashusha pumzi. "Nimepiga simu kiwandani. Walikupunguza miaka mitatu iliyopita."

Fermín akainamisha kichwa.

"Nilikuwa nashinda kwenye bustani za mjini. Mwisho wa mwezi nachukua humo mezani, naleta kama mshahara. Hata ada ya kumwandaa Yadira kwa mtihani wa chuo ilitoka humo."

"Na mia zangu nilizokuwa nakupa?" Hortensia aliuliza polepole. "Ulikuwa unanirudishia, nami nasema asante? Halafu ukamfungisha kaka yangu?"

Fermín akafunika uso kwa kofia yake.

"Baba, inuka," Yadira alisema, macho yamemjaa. "Twende ukamtoe mjomba. Kesho nitawauliza chuoni kama nafasi yangu inaweza kusubiri mwaka."

"Taarifa ya uongo ni kosa," Nélida alisema. "Nitaiandika, mzee. Sina namna."

Kituoni, Wilber alitoka, akajibana kwenye benchi alilokalia shemeji yake.

"Miaka mitatu bila kazi, na hukuniuliza mimi mzoefu wa kukosa kazi inavyofanywa?" alisema. "Mjinga wewe. Sogea."