Sindano ya Mjomba Masalu

Kila jioni Rebeka alipotoka shule, kazi yake ilikuwa moja: kukaa uani kwao Kirumba, kando ya ziwa, na mjomba wake, Masalu, akishona wavu. Kazi ya kukaa tu, nani angeilalamikia? Lakini nje ya ua wenzake walikuwa wakicheza rede, na mjomba, masikini, alishona polepole mno.

Zamani Masalu alikuwa fundi nyavu hodari, matajiri wa mitumbwi wakimgombea. Rebeka mwenyewe alijifunza kushona kwake. Kisha akaanza kusikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia, akapotea hata njia ya nyumbani. Hospitalini walisema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili. Dawa zilizituliza zile sauti, ila kumbukumbu na umakini havikurudi. Ndipo nesi Odeta wa hospitali hiyo alipoleta zoezi: kila jioni mjomba ashone kipande cha wavu uliochanika, akitaja kwa sauti anachofanya na kinachofuata.

"Akipotea, mpe muda atafute mwenyewe," nesi alimwambia Rebeka. "Akishindwa kabisa, mkumbushe kidogo tu."

Mwaka huo wa 1996 viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa vinanunua sangara kwa pupa, na mafundi nyavu walitafutwa kila mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Masalu alitamani jambo moja tu. "Nikirudi kazini, mpwa wangu, hakuna atakayeniita chizi tena."

Jioni moja aliduwaa katikati ya fundo. "Rebeka, nilikuwa nimefika wapi?"

Kelele za rede zilikuwa zimekolea. "Lete, mjomba, nimalizie," Rebeka akasema, akaichukua sindano. Kufumba na kufumbua, kazi ikaisha. Kesho yake ikawa vilevile, mwishowe ikawa ndiyo desturi yao.

Mama alipokiona kile kipande alifurahi sana. "Kaka, umeshona mwenyewe?"

Masalu akamtazama Rebeka.

"Ameshona mwenyewe, mama," Rebeka akajibu upesi. Masalu naye hakukana, kwa jinsi alivyoitamani kazi. Mama akakipeleka kwa mzee Chenge, tajiri wa mitumbwi, naye akamwajiri Masalu.

Wiki haikuisha. Nyavu alizoshona Masalu zilivutwa zikiwa na matundu yaliyorukwa, sangara wamepita humo wakaenda zao. "Nenda nyumbani ukapumzike," mzee Chenge alimwambia mbele ya watu, na wachukuzi wakacheka. Mjomba alirudi nyumbani, akaichomeka sindano kwenye paa la jiko, akalala akiutazama ukuta. Zoezi likaishia hapo.

Moyo ulimsuta Rebeka. Nesi Odeta alipokuja, Rebeka alimwamkia shikamoo, kisha akamweleza yote huku analia.

Nesi hakumfokea. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Ubongo nao una njia zake. Mtu akiugua hivi, zinaota majani. Dawa peke yake haizifyeki. Zinafunguka taratibu mwenyewe akizipita kila siku, hata kwa kujikwaa, ingawa hakuna anayejua zitafunguka kiasi gani. Wewe ulikuwa unazipita kwa niaba yake."

Rebeka akaenda kupiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, mjomba. Nilikudanganyia mama."

Masalu aligeuka kutoka ukutani. "Nilikuomba unikumbushe," alisema. "Wewe ukanipokonya." Kisha akamtuma akaishushe sindano.

Walianza upya na kipande kidogo. Mzee Chenge alikwishapata fundi mwingine, na kila Rebeka alipopita mwaloni akamwona huyo fundi, roho ilimuuma. Hata hivyo, masika yalipofika, jirani alimletea Masalu wavu wake mdogo amshonee.

Katikati ya kazi mjomba akasimama. "Nimefika wapi?"

Rebeka akafungua mdomo, akaufunga. Wenzake walikuwa wakimwita nje. Hakuinuka. Mjomba akarudisha kidole kwenye fundo la mwanzo, akafuata moja moja huku midomo ikicheza.

"Hapa," akasema mwenyewe, akavuta uzi.

Alishona kidogo, kisha akasema bila kinyongo, "Ungenisubiri hivi siku zile, pengine leo ningekuwa mwaloni. Ukimpenda mgonjwa, mpwa wangu, usimfanyie kila kitu. Msubiri."

Rebeka aliinamisha kichwa.

"Usiondoke," mjomba akasema. "Bado upande wa pili wa wavu."