Yona Aligonga, Nikanyamaza Ndani

Nina miaka sitini na nne. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msitegemee maneno matamu hapa. Nitasema mambo yalivyo.

Mtaani kwetu Tunduma hakuna anayejua jina langu la ubatizo. Wananiita Mzee Mashine. Nilishuka kutoka milima ya Ileje na kaptura moja, nikabeba magunia pale mpakani mpaka bega langu la kulia likawa chini kuliko la kushoto. Baadaye nikafungua mashine ya kusaga nafaka. Miaka yote nimejitapa kwamba sikusaidiwa na mtu...

Uongo! Nusu ya mashine ile ilikuwa shamba la kahawa la mke wangu Lusia, alilorithi kwa baba yake kule Igamba. Alikubali liuzwe. Siku tunasaini aliniambia, "Baba Ruti, mimi sina shamba tena. Shamba langu sasa ni hiyo mashine." Nikacheka. Nikasema mashine haihitaji palizi.

Nilisaga zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa na sheria moja tu: mahindi ya msiba hayalipiwi. Mtaa ukifiwa, gunia linaletwa, wateja wote wanakaa pembeni, nasaga ya msiba kwanza. Aliyekuwa akinishikia kiroba siku hizo ni jirani yangu Yona, mziba pancha za malori, rafiki yangu wa pekee.

Yona alikuwa na kikohozi cha zamani na mdomo usiopumzika. Alizoea kunichokoza mbele ya kinamama. "Mzee Mashine, ukifa wewe unga wa msiba wako tutasaga wapi?"

Namjibu, "Nitatoka kaburini niwashe, nikimaliza narudi!"

Tulicheka, jamani. Tulicheka sana.

Kisha mambo yakaanza kugeuka. Barabara kuu wakajenga mashine kubwa zinazotoa sembe nyeupe kwenye mifuko yenye picha. Wateja wakapungua mmoja mmoja, bila kuaga. Nikakopa kwenye kikundi ili nifunge mota kubwa zaidi. Yona akasema nitafute fundi umeme. Nikamjibu kwa dharau kwamba mashine hii nimeizaa mimi, fundi wa nini? Nikaunga nyaya mwenyewe.

Wiki ya pili mota ikatoa moshi. Ikaungua yote.

Mnadhani nilisema ukweli? Nilisema spea inatoka Zambia. Mama akija na ndoo yake ya mahindi, "Spea inakuja." Mke akiuliza, "Spea inakuja." Wale wa kikundi hawakutaka spea, walitaka chao. Lusia akaenda Igamba kumuuguza dada yake, nami nikamwita mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Alikuja Jumapili, watu wako ibadani.

"Bashikulu," akaniambia kwa Kibemba chao, yaani babu, "unafungua nati hizi kama unamvua maiti viatu."

Alipoondoka na mkokoteni, nilifunga mlango wa mbele kwa kufuli kubwa, mtaa wote uendelee kuamini mashine imo ndani.

Lusia aliporudi nikamdanganya kwamba kila siku nakwenda mpakani kufuatilia spea. Nilikuwa naenda wapi? Nazunguka, naingia kwenye kibanda changu kwa mlango mdogo wa nyuma, nafunga komeo, nakaa juu ya debe nililoligeuza. Kutwa nzima! Naangalia sakafu na zile bolti nne zilizobaki kwenye saruji. Kuta bado nyeupe kwa unga wa miaka yote. Nje nasikia malori yakipiga honi na kinamama wakipita na mahindi yao kwenda kwingine.

Nilifikiri ni uchovu. Lakini uchovu gani hauondoki ukilala? Na usingizi wenyewe ulinikimbia. Ugali ukawa kama naweka udongo mdomoni. Kanisani niliacha kwenda. Kuoga likawa jambo la kujilazimisha. Niliwaza mambo ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu wajukuu wangu wanajua kusoma. Nilijiona sina maana. Mtu anayeitwa Mashine na hana mashine, huyo ni nani?

Mtu mmoja tu aligundua. Yona. Siku moja nikasikia kikohozi chake kwenye mlango wa nyuma. Akagonga.

"Nimekuona ukiingia," akasema polepole, wapita njia wasisikie. "Siulizi kitu, bwana. Fungua tukae."

Nilizuia pumzi kama mwizi. Akakaa pale nje muda mrefu. Akaanza kunisimulia habari za tairi la lori lililompasukia mikononi, kana kwamba tuko pamoja. Akacheka mwenyewe. Akaondoka.

Alirudi mara ya pili. Nikanyamaza. Mara ya tatu kikohozi kilikuwa kizito, na maneno yalikuwa machache. "Haya, ndugu yangu. Kesho nitapita tena."

Hakupita kesho yake, wala siku zilizofuata. Na mimi, mwanaume mzima, nilifurahi kwamba ameacha kunisumbua! Kumtafuta nilishindwa. Nyumba yake na kibanda changu vinatenganishwa na uzio wa mabati tu.

Baada ya kama wiki mbili, asubuhi, nikiwa juu ya debe langu, nikasikia kinamama wengi mlango wa mbele. Wakatua gunia chini, puu! Mmoja akasema, "Tumsubiri Mzee Mashine. Mahindi ya Yona hawezi kuyakataa."

Mahindi ya Yona... Masikio yangu yalikataa. Yona ana mahindi gani?

Mwingine akasema, "Watu walivyojaa kule kwa kaka yake alikofia, gunia moja halitoshi."

Ndugu wasomaji, hivyo ndivyo nilivyojua kwamba rafiki yangu amekufa. Habari ilikuwa imefika mtaani asubuhi ile, mimi nikiwa nimeshatoka nyumbani. Nilijua kupitia ubao wa mlango, nimekaa gizani, nimeziba mdomo kwa kofia yangu.

Wakamwita mke wangu. Nikamsikia mama mmoja akimwomba, "Mama Ruti, tufungulie. Shemeji yangu huyu ni fundi, aiangalie tu hiyo mota. Unga wa Yona usagwe kwa watu wakati kwenu kupo?"

Lusia alikuwa na ufunguo wa akiba. Nilitaka kukimbilia mlango wa nyuma, nikachelewa. Kufuli likalia. Mlango ukafunguka, mwanga wote ukaniangukia.

Walinikuta hivyo. Mzee mwenye ndevu za miezi, juu ya debe, katikati ya chumba kitupu.

Lusia alitazama zile bolti nne. Alizitazama muda mrefu, nami nilijua anatazama mikahawa ya baba yake. Kisha akawageukia wenzake. "Pelekeni mahindi kwingine. Hapa kuna mgonjwa. Nakuja."

Akaufunga mlango. Akakaa chini kwenye vumbi la unga na kitenge chake cha msibani, akaniuliza jambo moja tu.

"Ungeniambia, ningekufanya nini?"

Swali hilo nalisikia mpaka leo.

Yona alizikwa siku ile. Nilishindwa kutoka nje. Sikushika hata koleo.

Baada ya siku chache Lusia alinishika mkono kama mtoto, tukapanda basi dogo kwenda hospitali Vwawa. Daktari, binti mdogo kuliko Ruti wangu, aliniamkia kwa adabu. Nikamkatisha: mimi si kichaa, mimi nimeishiwa tu.

"Baba, nani kakuita kichaa?" akasema. "Mara ya mwisho umecheka lini?"

Nikafungua mdomo kumjibu, likatoka jina la Yona. Nikalia mbele ya mtoto yule mpaka kola ikalowa. Akasema ugonjwa wangu unaitwa sonona, kwamba kuanguka kwa riziki kunaweza kuuleta hata kwa wanaume wenye mabega kama yangu, na kwamba unatibika. Narudi kule kila anaponipangia.

Sijapona kabisa, nisiwadanganye. Nasaga kwenye mashine ya kijana mmoja huko juu, kwa ujira. Lusia bado ananipikia, ila siku hizi haniiti tena Baba Ruti. Ananiita kwa jina langu la ubatizo, kama mtu tuliyejuana juzi. Kahawa ya Igamba inachumwa na watu wengine. Nayabeba hayo.

Nisichoweza kubeba ni kile kikohozi.

Nawaomba, hasa nyinyi wanaume mliojijenga wenyewe na kujisifu kama mimi. Kazi ikianguka, sema imeanguka. Moyo ukiwa mzito, nenda hospitali, hutachekwa. Na mtu akikugongea, hata kama huna cha kumpa, hata kama unanuka, mwambie tu, "Nipo."

Hilo tu ndilo Yona alilotaka kusikia. Nilikuwepo, na sikulisema.