Macho ya Kisogoni

Rafiki yangu Noelene alitoka kuanua nguo tu. Mwanawe mchanga, Callum, alikuwa amelala chumbani, dirisha likiwa wazi. Kichwani Noelene alivaa kopo la aiskrimu lililochorwa macho mawili kwa nyuma, kama wanavyofanya watu wengi wa mji wetu wa Wirrabee kila Septemba, kunguru wenye mabaka meupe wanapolinda viota. Wanasema kunguru hamshambulii mtu anayemtazama.

"Dada Noelene, umependeza!" jirani yake, Merv, alimtania kutoka ng'ambo ya ua. "Unakwenda kanisani?"

"Cheka tu, Merv. Jana nani alitokwa damu sikioni?"

Merv akacheka, akawasha gari, akaenda zake.

Kwa kawaida huja kunguru mmoja. Safari hii mti mzima wa uani ulimwaga kunguru. Kopo likamtoka Noelene kichwani, naye akajitupa ndani ya banda la kufulia na kufunga mlango. Gizani alisikia kucha zikikwaruza bati, na midomo ikigonga mbao: ta, ta, ta. Kila alipousukuma mlango kidogo, mdomo ulipenya.

"Callum!" aliita. "Mama yuko hapa!"

Ghafla kukawa kimya. Noelene akachungulia kwenye tundu la msumari. Uani hakukuwa na ndege hata mmoja. Kopo lilikuwa chini, macho yote mawili yamedonolewa yakatoka. Kwingine halikuwa na hata mkwaruzo.

Nguo zilining'inia kambani bila kutikisika. Pazia la chumba cha Callum lilikuwa likitikisika.