Aliyekaa Kwenye Kiti cha Jumanne

Lori lilikata kona kushoto, na Shadya alikuwa hajagusa kitu.

Alikuwa amekaa kitandani chumbani kwake Ujiji, mchana wa jua kali, laptopu kuukuu juu ya mto. Katika mchezo ule wa kuendesha malori, lori lake lilikuwa limebeba magogo, likishuka mlima wa theluji katika nchi asiyoijua. Mshale ulitembea wenyewe kwenye kioo, ukasimama, ukatembea tena. Hakushtuka. Tangu homa ya ghafla imchukue mumewe, Jumanne, hakuna kilichomshtua. Chai ya moto hakuisikia ulimini. Siku ya mazishi watu walipolia, yeye aliwatazama midomo tu. Mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, alikuwa ameanza kuuogopa ukimya ule kuliko kilio.

Laptopu ile haikuwa na ubavu wa kuendesha mchezo mzito namna hiyo. Mchezo wenyewe ulikuwa Bangwe, kando ya ziwa, ndani ya kompyuta kubwa ya studio ambako Jumanne alikuwa akihariri video za harusi. Yeye ndiye aliyeweka programu ya kumwezesha mkewe kuingia kwenye kompyuta ile akiwa nyumbani. "Mashine itatoka jasho huku," alimwambia, "wewe huko utaona picha tu na kukanyaga mafuta." Kazi zikipungua alimwachia aendeshe. Mara nyingine alimpokonya usukani kutoka kule kule Bangwe, akalitumbukiza lori mtaroni, kisha akampigia simu akicheka.

Sasa studio ilikuwa imefungwa. Ufunguo alikuwa nao Nasri, mdogo wa marehemu, na hakuna aliyekumbuka kuizima mashine. Shadya, aliyekuwa ndani akikaa eda, aliingia humo kila siku na kuendesha malori kwa sababu kwenye barabara zile za mchezoni hakuna aliyempa pole.

Alikisogelea kioo. "Jumanne?" akanong'ona.

Mshale ulipanda na kushuka, kama mtu anayeitikia kwa kichwa.

Kuanzia hapo walicheza wawili. Yeye aliwasha lori, mwenzake akashika usukani. Shadya alizungumza naye taratibu, akimweleza nani amekuja kuhani na nani hakuja. Kwenye spika alisikia kiti cha studio kikilalamika, na nyuma yake pumzi nzito, yenye maji maji. Harufu ya tope la ziwa ilitoka kwenye matundu ya laptopu ikatanda chumbani. Jumanne hakuwahi kunuka hivyo, na Shadya alilijua hilo, lakini alilijua kama mtu anavyojua habari za mji wa mbali. Vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kufa ganzi. Kisha kiganja. Kisha kiwiko. Siku moja aliutazama mkono ule ukiinuka wenyewe kutoka mapajani, ukabonyeza kitufe, ukarudi. Alipotaka kuuinua yeye, haukuinuka.

Bi Mwanakombo alikuwa akipita na ndoo aliposikia kikohozi cha mwanamume chumbani kwa mjane wa mwanawe. Alisukuma mlango. Shadya alikuwa peke yake.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na Jumanne, mama."

Bi Mwanakombo hakugomba. Alirudi uani na kumpigia Nasri, sauti yake chini kabisa. "Nenda Bangwe sasa hivi. Kaizime ile mashine. Usikae humo." Kisha akatuma mtu kwa Shehe Abdulmajid, anayesomea wagonjwa.

Shadya alisikia yote kupitia dirisha la uani. Kama wanaizima, alitaka japo amwone mara moja. Akatumia mkono wa kushoto kufungua kamera ya kompyuta ya kule. Picha ilikuja kwa kukwamakwama: mapazia, taa za picha, kiti cha Jumanne. Kiti kilikuwa kitupu. Kilikuwa kikizunguka polepole, huku na huku.

Alikitazama mpaka mlango wa studio ulipofunguliwa. Nasri aliingia, akasimama ghafla, kisha akainama kwa adabu mbele ya kile kiti.

"Shikamoo, mzee. Samahani, sikujua kuna mtu." Akakitegea sikio kile kiti. "Aa, mimi ni mdogo wake... Ndiyo, yupo Ujiji... Hapana, halali na mtu, yuko chumbani peke yake... Mlango wa uani? Huo huwa haufungwi, mzee, unaingia tu."

"Nasri!" Shadya aliita, na sauti yake ilitoka ndogo kama ya mtu aliye chini ya maji. "Nasri, toka!"

Nasri hakusikia.

Shehe Abdulmajid alikuwa amefika. Kwa kuwa Shadya alikuwa edani, alikaa nje ya pazia la mlango. Moshi wa ubani ulipita chini ya pazia, lakini harufu ya tope iliumeza. Bi Mwanakombo aliingia akamshika mjane mabega.

"Binti," shehe aliuliza, "ulimwita kwa jina gani?"

"Jina la mume wangu."

"Hao wa ziwani hupenda nyumba iliyoachwa ikiwaka taa, lakini hawaingii bila kukaribishwa. Amekaa kwenye jina ulilompa. Mimi nitasoma, ila wa kumwinua ni wewe. Mwambie mume wako yuko wapi."

Akaanza kusoma. Shadya alifungua mdomo na hakuna neno lililotoka, kwa sababu neno lile hakuwahi kulisema hata mara moja, si kwa waliokuja na mikeka, si kwa mama mkwe, si kwake mwenyewe, na pale kwenye kioo Nasri alikuwa amechukua ufunguo na kusogea kando ya mlango, akimpisha mtu atangulie kutoka, huku mkono wa kulia wa Shadya, ule usio wake tena, ukipanda kifuani, ukipanda shingoni, ukiweka vidole vyake baridi juu ya midomo yake ili uizibe.

Aliuma vidole vile.

"Jumanne amekufa," akasema. "Amekufa! Tumemzika. Kwenye kiti hicho hakuna mume wangu. Toka!"

Spikani kitu kilivuta pumzi ndefu, kikaiachia. Kioo kikawa cheusi.

Simu ya Bi Mwanakombo iliita. "Mama," Nasri alisema kwa woga, "niko chini hapa kizingitini, sijui nimeangukaje. Yule mzee yuko wapi? Nguo zake zilikuwa zinachuruzika maji. Aliniomba nimlete kwako."

"Rudi peke yako," mama yake alimwambia. "Usigeuke nyuma."

Shadya alikuwa akiutazama mkono wake. Damu ilitoka pale alipouma, na palikuwa pakiuma. Maumivu yalipanda kiwikoni, begani, yakafika kifuani, na hapo yakakuta yale mengine yote yaliyokuwa yakimngoja. Akapiga ukelele uliomsimamisha shehe nje ya pazia. Akalia, akaanguka mapajani kwa Bi Mwanakombo, na mama naye akalia tena upya.

Majirani walikuja mbio, wakajaa uani, wakiulizana nani tena amefariki.

"Mwanangu," Bi Mwanakombo aliwajibu kutoka ndani. "Jumanne."