Mkono Mwingine Kwenye Usukani

Saa kumi na mbili jioni nilifunga nyumba kwa kufuli, nikamwacha mwanangu Goodness kwa jirani, nikaenda sokoni Katoro kuchukua springi mbili za baiskeli nilizoagiza jana yake. Usukani niliokuwa nautengeneza ulikuwa umelegea. Mume wangu Festo alizoea kusema usukani wa ndege lazima ukatae kidogo, ndipo rubani ajue kuna upepo.

Festo alikuwa fundi wa kuchomelea. Alivipenda vile vindege vidogo vya watu wawili, vyenye mabawa ya turubai, na kwa kuwa hata nauli ya basi ilitupiga chenga, alivirusha kwenye kompyuta. Akaanza kujiundia usukani: bomba la baiskeli, pedali ya cherehani, na vile vidude vya kuongezea sauti vya redio mbovu, ili kompyuta ijue mkono umeelekea wapi. Nilimcheka sana, mtu mzima na ndege ya mabomba!

Mwezi wa pili alishuka kwenye duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, kuchomelea ngazi. Duara likatitia. Hawakumpata.

Wazee wa ukoo wakasema tuzike mgomba ndani ya jeneza, kama ilivyo desturi mwili usipopatikana. Mama mkwe alikataa katakata.

"Ng'wana wane, mwanangu mimi, hajafa. Wamemtoa kafara ya dhahabu. Mkizika mgomba, mtamfungia mwanangu njia ya nyumbani."

Wakaniuliza mimi, mke. Nikasema zikeni. Nilikuwa nimechoka kungoja, nilitaka mahali pa kulilia. Tukauzika shambani kwao Ushirombo, nami nikarudi Katoro kuumalizia usukani wake, maana sikuwa na kingine cha kumfanyia.

Fundi baiskeli, Salmini, alikuwa mgeni mjini. Hakuwahi kumjua Festo.

"Springi zako mumeo keshazichukua, mama. Sasa hivi tu."

"Mume wangu yupi?"

"Si Baba Goodness? Ana matope mpaka shingoni... Kasema mkono wa usukani umelegea."

Nilirudi mbio.

Kufuli lilikuwa vilevile. Nilipofungua, harufu ya udongo mbichi ikanipiga usoni. Kompyuta ilikuwa inawaka. Na kulikuwa na sauti...

Kwii... kwii...

Springi zilikuwa zimeshafungwa.

Usukani ulikuwa unakwenda wenyewe. Kushoto, polepole. Kulia. Kwenye kioo kindege kilizunguka juu ya shamba moja tu, kikishuka mpaka karibu na ardhi, kisha kikipanda tena.

Nilirudi nyuma hatua moja. Lakini nilikuwa na hamu naye mno, nisingeweza kukimbia. Nikaketi, nikashika bomba. Lilikuwa baridi, limelowa.

Chini ya vidole vyangu kulikuwa na vidole.

Nilivijua. Kidole gumba kilikuwa na lile kovu la moto wa kuchomelea.

"Asteria..."

"Nipo, Baba Goodness."

"Natafuta nyumbani. Kila nikishuka... namkuta mtu kalala mahali pangu."

"Si mtu," nikalia. "Ni mgomba."

Springi zikanyamaza.

"Nani kauweka?"

Ningeweza kusema wazee. Hakuna ambaye angenilaumu. Ila Festo sikuwahi kumdanganya hata siku moja.

"Mimi. Nilichoka kungoja."

Vidole vikatoka chini ya vyangu, kimoja kimoja. Kioo kikawa cheusi.

Kesho yake nilimwambia mama mkwe kwamba Festo anatafuta nyumbani, tukaenda Ushirombo, tukafukua. Mgomba ulikuwa na mwezi mzima ardhini, lakini ulikuwa mbichi, tena umechipua. Katikati palikuwa pamebonyea, kama godoro lililolaliwa. Mama mkwe aliukatakata kwa panga huku akimwita mwanawe kwa jina lake la utotoni. Kaburi tuliliacha wazi.

Hii ni wiki ya tatu sasa. Nawasha kompyuta kila jioni, naketi. Usukani hautikisiki.

Lakini kila asubuhi nakuta nyayo za matope uani. Zinakuja moja kwa moja mpaka kizingitini. Zinasimama hapo. Kisha zinageuka.

Mama mkwe anasema tuvumilie, mwanawe bado hajauona mlango.

Mimi sijamwambia nilichojibu usiku ule. Mlango anauona. Anachokataa ni kunikuta mimi.